Faili la Sifuri: Namtetea Kitinda Mimba Wetu

Najua nimepotea humu. Zamu za usiku zimenibana, na huku London msimu wa baridi unatoka kazini saa mbili asubuhi jua lenyewe ndiyo kwanza linajikongoja, unafika nyumbani unaanguka kitandani na soksi. Blogu itaandikwa saa ngapi?

Leo sina habari za theluji wala za bei ya kodi. Nina jambo la nyumbani, na baadhi yenu mtanuna, kwa nini naanika ya ndani uwanjani. Nawajibu mapema: aliyetuhumiwa alituhumiwa uwanjani, kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya hamsini, mpaka majirani wamo. Basi na kumsafisha kuwe uwanjani.

Mnaijua habari ya mchango wa matibabu ya mama. Mahesabu aliyashika kitinda mimba wetu pale Muheza. Kila aliyetoa aliandikwa: jina, tarehe, kiasi. Faili lilikuwa kwenye flashi yake, analifungulia kwenye ile kompyuta ya mezani tuliyomnunulia mtumba. Jioni moja akafungua, akaingiza waliotoa siku hiyo, akabonyeza kuhifadhi, na papo hapo umeme ukakatika. Uliporudi, faili lipo. Jina lilelile. Tarehe ya jioni ileile. Ila ukubwa wake kilobaiti 0. Ukilifungua, jeupe pe!

Yaliyofuata mliyaona. "Amefuta makusudi." "Hela zimeliwa hizo." Na mmoja wetu (simtaji, amenizidi umri) akatoa hoja iliyowaingia wengi: faili ama lipo ama halipo, haiwezekani kompyuta ibakishe jina na kumeza yaliyomo, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Mimi nami, nikiri hapa, nilisoma ujumbe ule nikanyamaza siku tatu. Ndani ya moyo wangu nilikuwa upande wake.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yenu. Mmekuwa mkiniuliza kila siku anafanya kazi gani huku, nami najibu "mambo ya kompyuta" kwa sababu kueleza kunachosha. Sasa nieleze. Kazi yake ni kukata umeme! Kweli kabisa. Kuna watu wanaotengeneza ile sehemu ya kompyuta inayotunza mafaili kwenye diski, inaitwa mfumo wa mafaili, halafu kuna watu kama yeye ambao kutwa nzima wanaukatia umeme katikati ya kazi, wanauwasha tena, na kuangalia kama umetunza ulichoahidi kutunza. Nilipomwonyesha ujumbe wa kwenye kundi hakushangaa hata kidogo. "Kilobaiti 0? Hiyo naijua," akasema, na akavuta kiti.

Basi jamani, nisikilizeni kama nilivyomsikiliza mimi, nina kikombe cha chai mkononi na usingizi machoni.

Faili tunaliona kama kitu kimoja, lakini kwenye diski ni vitu vinavyokaa mbalimbali. Kuna yaliyomo yenyewe, yametawanyika vipande vipande. Kuna orodha inayosema vipande viko wapi. Na kuna namba, mahali pake pa peke yake, inayosema faili hili lina ukubwa gani. Fikirieni masjala ya hospitali: kurasa za mgonjwa ziko kabatini, na juu ya jalada kuna mtu ameandika "kurasa 12". Jalada linaweza kusema 12 na ndani zimo 3. Linaweza kusema 0 na kurasa zote zipo kabatini, hakuna anayejua kuzitafuta. Flashi nyingi huja na mfumo wa kizamani uitwao FAT, asili yake miaka ya 1970, na humo namba ya ukubwa ina baiti nne tu karibu na jina la faili. Baiti nne! Zikisema sifuri, kompyuta inaamini sifuri.

Sasa, programu nyingi zinapohifadhi faili la zamani hufanya hivi: kwanza zinalikata mpaka sifuri, kisha zinaandika upya tangu mwanzo. Sisi hatuoni, ni kufumba na kufumbua. Tena kompyuta haipeleki kila kitu kwenye diski papo hapo, inaweka kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, ile inayofutika umeme ukizima, halafu inapeleka ikipata nafasi. Kwa hiyo inawezekana kabisa ile habari ndogo ya "ukubwa ni sifuri" imeshafika kwenye diski, na yaliyomo mapya bado yako njiani. Umeme ukikatika hapo, la zamani limeshakatwa na jipya halijafika. Jina lipo, tarehe ipo, ndani hamna kitu. Ndiyo hali aliyoikuta mdogo wetu, herufi kwa herufi.

Mimi nesi nikaelewa kwa lugha yangu. Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa mkali sana kwenye jambo moja: usichomoe dripu ya zamani kabla mpya haijakubali mshipani. Ukichomoa kwanza, na mshipa mpya ukakataa, mgonjwa amebaki bila njia. Shemeji yenu akacheka, akasema na kwao ipo sheria hiyohiyo: andika faili jipya pembeni, hakikisha limefika kwenye diski, ndipo ulipe jina la lile la zamani. Programu iliyoandikwa vizuri hufanya hivyo. Ile ya mdogo wetu inaelekea haikufanya.

Usiku ule nilikuwa na mapumziko, nikamwomba anionyeshe kazi yake. Nilitegemea kuona akichomoa nyaya. Kumbe siku hizi wanakata umeme wa uongo: wanaweka kitu katikati ya mfumo wa mafaili na diski, na wakikiamuru, kinaacha kupitisha chochote, kama vile umeme umezima. Akaandika faili la baiti 65,536 (namba hii ikumbukeni, itarudi). Akaamuru diski ilishike kweli. Amri hiyo ya kusubiri mpaka diski iseme "nimelishika" inaitwa fsync. Kisha akalikata faili libaki baiti 4,096, akaamuru tena, akajibiwa ndiyo. Akakata umeme. Akawasha. Akauliza: faili lina ukubwa gani?

Jibu ni moja tu: 4,096. Likirudi na 65,536, mfumo umesema uongo, maana uliitikia kuwa umeshika. Kama asingetoa ile amri, kurudi na ukubwa wa zamani lisingekuwa kosa, mfumo haukuahidi kitu. Kosa ni kuahidi kisha kusahau. Akarudia akikata umeme sehemu nyingine, kabla ya amri, katikati, baada yake, maana wakati wowote faili liwe ama na ukubwa wa zamani ama mpya, lisiwe kiumbe cha katikati chenye kichwa cha mbuzi na mkia wa samaki.

Kuna jaribio la pili lililonigusa zaidi. Faili limekatwa likabaki dogo, halafu linarefushwa tena lifikie urefu wa mwanzo. Sehemu iliyoongezwa iwe na nini? Kanuni inasema sifuri tupu. Mfumo ukikosea, pale panatokea mabaki ya zamani, yale yaliyokatwa, au hata ya faili la mtu mwingine lililofutwa zamani. Wenzangu wa wodini mnaona hatari yake? Ni kama mgonjwa mpya kupandishwa kitandani na kukuta shuka la aliyetoka. Mtu anafungua faili lake, anasoma majibu ya kipimo cha jirani yake.

Nikamuuliza, je, mnapata makosa kweli au mnajichosha? Akanitajia watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ambao mwaka 2018 walitoa kazi yao ya kujaribu mifumo hii kwa kukata umeme kwa mpangilio. Kwenye mifumo ya Linux ambayo dunia nzima inaitegemea, walikuta kasoro mpya 10, na 7 kati ya hizo zilikuwamo tangu 2014. Miaka minne, hakuna aliyejua. Na kasoro nyingi za aina hii hazihitaji mambo makubwa, hatua tatu au pungufu kwenye diski mpya, umeme unazima, basi. Andika, kata, zima.

Haya, sasa nifike kwenye maoni yangu, maana hapa mimi na shemeji yenu tulikosana mpaka chai ikapoa.

Mwaka 2009 watumiaji wa Linux walikumbwa na balaa hilihili la mdogo wetu. Mfumo mpya wa wakati ule, ext4, ulikuwa unachelewesha kupeleka yaliyomo kwenye diski kuliko ule uliotangulia, ext3, ili kazi iende haraka. Kompyuta ikizima ghafla, watu wakiwasha wanakuta mafaili yao yamebaki sifuri. Wakalalamika. Theodore Ts'o, mmoja wa wakuu wa mfumo ule, akaeleza kwamba kanuni zinaruhusu, na kwamba wenye programu ndio waliotakiwa kutoa amri ya fsync. Hata hivyo akaongeza marekebisho ili mfumo ugundue mtu anapokata faili na kuliandika upya, uharakishe kupeleka yaliyomo. Shemeji yenu anamtetea: kama kila programu ingesubiri diski kwa kila kitu, kompyuta ingetambaa kama konokono na betri ingeisha mchana.

Mimi sikubali nusu ya hoja hiyo. "Kanuni zinaruhusu" ni neno la mtu aliyeketi mbali na mgonjwa. Aliyebonyeza kuhifadhi kule Muheza hajui fsync, hakusaini kanuni zozote. Ameona neno "imehifadhiwa" na ameamini, kama mgonjwa anavyoamini chati. Wodini nikisaini chati kwamba dawa imetolewa kabla sijaona mgonjwa amemeza, nimeandika uongo hata kama baadaye atameza. Kikombe kikimwagika hapo katikati, nesi wa zamu inayofuata anasoma "imetolewa", na mtu analala na presha yake. Programu inayosema "imehifadhiwa" wakati yaliyomo bado yako hewani imesaini kabla ya kumezwa.

Nusu ya pili nakubali. Hata sisi hatuhakiki kila kitu kwa ukali uleule. Panadoli naitoa mwenyewe. Lakini morfini ina kabati lake lenye kufuli na daftari lake, tunakuwa wawili, tunasaini wawili, na kila tunapotoa tunahesabu vichupa vilivyobaki, namba ya kwenye daftari ilingane na vilivyomo kabatini. Inachelewesha? Sana. Lakini hakuna anayesema tuache. Kwa hiyo siwaombi wenye programu wasubiri diski kwa kila picha ya paka. Naomba wajue faili lipi ni panadoli na lipi ni morfini. Orodha ya pesa za matibabu ya watu ni morfini.

Na mkidhani ni mambo ya flashi za mtumba, sikilizeni ya hapahapa Uingereza. Mwaka 2020, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, watu 15,841 waliokutwa na korona hawakuingia kwenye hesabu za kila siku. Shirika la afya ya umma la wakati huo, Public Health England, lilikuwa linapokea majibu ya maabara na kuyaingiza kwenye Excel ya muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Ile namba yetu imerudi! Kila mtu alikula mistari kadhaa, nafasi ikajaa, yaliyozidi yakakatwa. Kimya kimya, bila kelele. Muundo mpya wenye mistari zaidi ya milioni moja ulikuwapo tangu 2007.

Hapo si mfumo wa mafaili uliokosea, nisije nikausingizia. Lakini ugonjwa ni ndugu: faili limekatwa na hakuna aliyelipima. Wale watu wenyewe walipewa majibu yao. Kilichokosekana ni kuwatafuta waliokutana nao, na kwa korona siku chache ni nyingi mno. Watafiti wawili, Thiemo Fetzer na Thomas Graeber, wakachunguza maeneo yaliyoathirika zaidi na kosa lile, na makadirio yao yalikuwa maambukizi ya ziada zaidi ya 125,000 na vifo vya ziada zaidi ya 1,500. Ni makadirio, lakini mimi nilikuwa wodini majira yale ya baridi, na sipendi kuyafikiria sana nikiwa peke yangu.

Kipimo ambacho kingeokoa ni cha mtoto wa shule: maabara wameleta mistari mingapi, na sisi tumebaki na mingapi? Chumba cha upasuaji kinafanya hivyo kila siku. Vile vitambaa vya kufyonza damu vinahesabiwa kabla ya kuanza, vinahesabiwa kabla ya kufunga, vinahesabiwa tena mwisho. Daktari bingwa awe na haraka kiasi gani, namba isipolingana hafungi mtu. Nesi mdogo kabisa ana haki ya kusema "daktari, kimoja kimepungua", na wote wakasimama. Kwenye kompyuta sijaona nani mwenye sauti hiyo.

Kwa hiyo turudi Muheza. Kitinda mimba hakufuta kitu. Aliyesema faili ama lipo ama halipo alikosea, na mimi niliyenyamaza nikikubaliana naye nilikosea zaidi, kwa sababu ninaishi na mtu ambaye angenijibu kwa dakika tano na sikumuuliza. Mdogo wangu, nisamehe. Nimekupigia nikakwambia, lakini nataka na hawa wasome.

Ana kosa? Analo, moja: nakala ilikuwa moja tu. Sisi wa huku tuna letu pia. Tulituma kompyuta ya mezani mahali tunapojua wenyewe umeme unavyokatika, tukaona UPS ni anasa, halafu tukawa wa kwanza kuuliza hela ziko wapi. UPS nimeshanunua, inakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao. Na shemeji yenu amemfundisha kwa simu jaribio la maskini: andika faili la majaribio kwenye flashi nyingine, hifadhi, zima umeme ukutani, washa, angalia ukubwa. Wamerudia mara kumi. Mara mbili lilirudi sifuri. Wamehamia programu nyingine, na kila jioni anatoa nakala kwenye karatasi, anaipeleka kwa mama mdogo.

Jana na juzi, badala ya kulala, nimekaa na jumbe za pesa za simu mlizonitumia, pamoja na daftari la mama mdogo, nikajenga orodha upya. Michango ilikuwa 47, hilo tunalijua kwa sababu siku moja kabla ya umeme kukatika mdogo wetu aliandika idadi kwenye kundi. Nimepata 41, na jumla yake inalingana na risiti za hospitali na kilichobaki kwenye akaunti, ukiacha pengo ambalo watu sita wanalijaza vizuri tu. Hao sita ndio nawatafuta. Kama ulitoa taslimu mkononi, na jina lako halimo kwenye orodha nitakayoibandika leo jioni kwenye kundi, niandikie kiasi na siku, hata kama ni elfu mbili. Mama anaendelea vizuri, ameanza kula ugali, na ameuliza kwa nini kitinda mimba haji kumwona siku hizi.